Bahari Juu ya Ukucha

Katika mwezi wa Agosti, mwaka 1858, Malkia Victoria wa Uingereza alimpelekea Rais James Buchanan wa Marekani salamu za maneno 98 kwa waya uliokuwa umelazwa chini ya bahari ya Atlantiki, kutoka pwani ya Ireland hadi Newfoundland. Na salamu hizo, ambazo msomaji wa kawaida angezimaliza kwa sauti kabla kahawa yake haijapoa, zilichukua takriban saa 16 kufika. Watu wa New York walipiga mizinga na kurusha fataki kwa furaha, maana hapo kabla habari za Ulaya zilikuja kwa meli baada ya siku nyingi. Lakini wachache waliokaa mbele ya vyombo vya kupokelea, wakingoja herufi moja baada ya nyingine kama mtu akingaye matone ya paa linalovuja, walijua kwamba ndani ya waya ule palikuwa na jambo lisilokwenda sawa. Umeme, ambao kila mtu aliudhani kuwa hufika pale pale unapotumwa, ulikuwa ukikawia njiani. Baada ya majuma matatu hivi waya ukanyamaza kabisa.

Mtu mmoja alikuwa ameitambua sababu ya kukawia huko tangu awali. William Thomson, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Glasgow, ambaye baadaye alivikwa cheo na kujulikana kwa jina la Lord Kelvin, alikuwa amekokotoa mwaka 1854, kabla hata waya haujapakiwa melini, kwamba ukawiaji wa ishara katika waya wa baharini hauongezeki sawa na urefu wa waya, bali huongezeka sawa na urefu huo uliozidishwa kwa wenyewe: waya ukirefushwa mara 2, ishara hukawia mara 4, ukirefushwa mara 10, hukawia mara 100. Hikima ya hesabu hiyo yaweza kufahamika na kila aliyewahi kumwagilia shamba. Fungulia maji katika mfereji uliochimbwa kwenye mchanga mkavu, nawe utaona kwamba maji hayakimbii moja kwa moja hadi mwisho wa shamba, maana katika kila hatua kingo za mfereji zina kiu, nazo sharti zinywe na kukinai ndipo maji yapate kusonga mbele. Waya wa baharini ni mfereji wa namna hiyo. Shaba iliyo katikati yake ina ukinzani, unaoubana mkondo wa umeme kama vile wembamba wa mfereji unavyoyabana maji. Na utomvu mgumu unaoizunguka shaba, pamoja na maji ya chumvi yaliyo nje ya utomvu huo, ndizo kingo zenye kiu, zinazomeza umeme mpaka zishibe. Ukiurefusha mfereji mara mbili umezidisha ubanaji mara mbili, na kiu ya kingo nayo umeizidisha mara mbili. Na mbili mara mbili ni nne.

Nimeanza mbali, tena baharini, ilhali jambo ninalokusudia kulieleza limo ndani ya kipande cha silikoni ambacho aghalabu hakizidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba; lakini sikupotea njia. Kanuni ile iliyowatesa wenye kulaza waya wa Atlantiki imezaliwa upya ndani ya chipu za simu zetu na kompyuta zetu, na mafundi wa leo, wakiitafutia dawa, wamekuwa wakiifuata hatua kwa hatua njia iliyokwisha kupitwa na watu wa simu za baharini.

Saketi unganifu, ambayo watu wa biashara huiita chipu, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza na Jack Kilby katika kampuni ya Texas Instruments, mjini Dallas, tarehe 12 Septemba 1958, yaani miaka 100 na majuma machache tangu zilipotumwa salamu za Malkia. Kipande chake kilikuwa cha madini ya gerimani (germanium), na sehemu zake ziliunganishwa kwa nyuzi nyembamba za dhahabu zilizobandikwa kwa mkono, zikining'inia hewani kama kamba za kuanikia nguo. Mwaka uliofuata, 1959, Robert Noyce wa kampuni ya Fairchild, huko California, alipata shauri lililo bora zaidi: badala ya nyuzi za kuning'inia, alitaka utando wa alumini umwagwe juu ya silikoni iliyofunikwa kwa kioo chembamba, kisha alumini isiyotakiwa iondolewe kwa kemikali, zibaki njia tu. Tangu hapo alumini, ambayo sisi twaijua zaidi jikoni katika masufuria, ikawa ndiyo barabara ya ishara ndani ya chipu kwa muda wa karibu miaka 40. Nayo ilistahili heshima hiyo, kwa kuwa ni rahisi, hushikamana vema na kioo, na hukubali kuchongwa.

Katika miaka ile hakuna aliyeihofia barabara. Chipu ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista 2,300 hivi, na kila transista, ambayo si kitu ila swichi ndogo ya kufungua na kufunga umeme, ilikuwa nzito ya mwendo kiasi kwamba muda uliotumika njiani haukuonekana kando ya muda uliotumika mlangoni. Kazi yote ya mafundi ikawa kuifanya transista iwe ndogo, maana transista ikipungua umbo huzidi wepesi, na zikiwa ndogo nyingi zaidi huenea katika kipande kile kile. Hata chipu ya M1 ya kampuni ya Apple, iliyotoka mwaka 2020, ikachukua transista bilioni 16. Mnamo 1974 Robert Dennard wa IBM, pamoja na wenzake, aliandika kanuni za kupunguza maumbo hayo, na ndani ya maandishi yao lilikuwamo onyo ambalo wengi walilisoma wakalipita: kwamba kila kipimo kipunguzwapo kwa kadiri moja, transista huongeza kasi, lakini waya hauongezi chochote. Kipande kifupi cha waya kikipunguzwa pande zote hubaki na ukawiaji ule ule wa zamani. Na waya mrefu, wenye kuvuka chipu kutoka upande huu hadi upande wa pili, unaopunguzwa unene bila kupunguzwa urefu, huzidi kukawia.

Msomaji aweza kuuliza: je, umeme haufuatani na mwendo wa nuru, na nuru si ndiyo iendayo kasi kuliko vyote? Swali hilo lina jibu linaloshikika kwa mkono. Grace Hopper, mwanamama mtaalamu wa kompyuta aliyekuwa afisa wa jeshi la wanamaji la Marekani, alikuwa na desturi ya kuwagawia wasikilizaji wake vipande vya waya vyenye urefu wa sentimita 30 hivi, akiwaambia kwamba huo ndio mwendo wa nuru katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Chipu ya kisasa hupiga mapigo bilioni 3 au zaidi kwa sekunde; kwa hiyo katika pigo moja nuru ingekwenda sentimita 10 katika utupu, na ndani ya kioo kinachozifunika nyaya ingekwenda karibu nusu yake. Chipu yenyewe upande wake ni sentimita 1 au 2. Lau ishara zingekwenda kwa mwendo wa nuru, nafasi ingetosha na kusaza. Lakini haziendi hivyo. Zinakwenda kwa mwendo wa maji katika mchanga mkavu, zikizishibisha kingo hatua kwa hatua, na ndiyo sababu mwaka 1995 Mark Bohr wa Intel aliandika makala yenye kuonya kwamba mpaka wa kasi ya chipu hautakuwa tena katika transista, bali katika nyaya. Tarishi alikuwa amefunzwa kukimbia kuliko farasi. Barabara ilikuwa bado ya matope.

Mfereji una mambo mawili tu ya kurekebishwa, ukinzani wa waya na kiu ya kingo, na mafundi walianza na la kwanza. Katika madini yote, fedha ndiyo yenye ukinzani mdogo kabisa, na shaba huifuata kwa karibu sana. Ukinzani wa shaba ni pungufu ya ule wa alumini kwa zaidi ya theluthi moja. Fauka ya hayo, alumini ilikuwa na maradhi yake ya siri: katika waya mwembamba mno mkondo wa elektroni huvuma kama upepo wa kusi, ukizisukuma chembe za alumini zenyewe kutoka mahali pake, hata baada ya miaka michache waya ukatike mahali pamoja na kuvimba mahali pengine. Chembe za shaba ni nzito na zimeshikana zaidi, hazihamishwi kwa urahisi. Kila hoja, basi, iliielekea shaba. Kwa nini ikangojwa hadi mwisho wa karne?

Ilingojwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba shaba ni sumu kwa silikoni: chembe zake hupenya katika kioo na silikoni upesi kuliko maji katika kitambaa, na zikifika kwenye transista huiharibu; kwa hiyo katika karakana za chipu fundi aliyetaja shaba alitazamwa kama mgeni anayetaka kuingia na viatu msikitini. Ya pili ni kwamba shaba haikubali kuchongwa kama alumini, maana gesi zinazoila alumini na kuiondoa kwa mvuke haziwezi kuiondoa shaba kwa njia hiyo. Baada ya utafiti wa miaka mingi, IBM ilitangaza mwezi Septemba 1997 kwamba imevishinda vikwazo vyote viwili, na mwaka uliofuata ikaanza kuuza chipu zenye nyaya za shaba.

Njia waliyoitumia yatupasa kuitazama kwa utulivu, kwa kuwa jina lake mafundi wamelitoa katika mji wa Damaski, nchi ya Shamu, uliosifika kwa ustadi wa kupachika madini ndani ya madini, na sanaa yenyewe watu wa pwani yetu waijua tangu kale kwa jina la njumu. Fundi wa njumu habandiki waya wa fedha juu ya kitako cha bunduki au mpini wa jambia. Hukichimba kwanza kile kitako, akafuata mkondo wa nakshi aliyoikusudia, kisha akaupigilia waya ndani ya kichimbo chake, na mwisho akausugua uso wote hata mti na fedha vikawa sawa chini ya kidole. Hivyo ndivyo ifanywavyo katika chipu. Huchimbwa kwanza mifereji katika kioo; mifereji hiyo hutandikwa utando mwembamba mno wa tantali, madini ambayo shaba haiwezi kupenya, uwe kama ukuta baina ya sumu na nyumba; kisha kipande chote huzamishwa katika maji yenye chumvi za shaba, na kwa nguvu ya umeme shaba hujikusanya ndani ya mifereji kutoka chini kupanda juu, mpaka ifurike; hatimaye uso husuguliwa mpaka shaba iliyozidi iishe na kila waya ubaki katika kitanda chake. Shaba haikuchongwa hata mahali pamoja. Kazi hurudiwa tabaka juu ya tabaka, mara 10 na zaidi, na kila tabaka huunganishwa na lililo chini yake kwa nguzo ndogo za madini.

Hapa haifai kupita bila kutazama yatokako madini yenyewe. Jimbo la Katanga, katika Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya migodini, lilibadilishwa jina na Rais Mobutu mwanzoni mwa miaka ya 1970 likaitwa Shaba, kwa neno letu hili hili. Na katika mwaka 1997, serikali yake ilipoanguka, jina la Katanga likarudishwa. Kwa hiyo mwaka ule ule ambao neno Shaba liliondoka katika ramani, shaba yenyewe iliingia katika chipu. Tantali nayo hutoka katika jiwe liitwalo koltani, ambalo Kivu na Rwanda ni miongoni mwa mahali panapochimbwa kwa wingi zaidi duniani. Na ingawa sehemu kubwa ya tantali hutumika katika vifaa vingine vya elektroniki, wala si katika kuta hizi za nyaya, mchimbaji wa Kivu anayeosha mchanga mtoni na fundi wa chipu aliyevaa joho jeupe huko Taiwani wanashika kitu kimoja, kila mmoja kwa mkono wake.

Baada ya waya ikaja zamu ya kingo. Mafundi hupima kiu ya kihami kwa tarakimu, ambayo katika utupu ni 1, na katika kioo cha silikoni kilichotumika tangu siku za Noyce ni karibu 3.9. Nyaya zilipozidi kukaribiana, kiu hiyo ikawa balaa mara mbili, kwa kuwa waya haulishi kingo zake tu, bali huambukiza pia ishara zake kwa jirani, kama watu wawili wasemao siri katika vyumba vilivyotengwa kwa ukuta wa makuti. Wakakichanganya kioo na florini, tarakimu ikashuka hadi karibu 3.5, wakakichanganya na kaboni, ikashuka chini ya 3, wakakitia matundu madogo yasiyoonekana, ikafika karibu 2.5. Katika haya matundu ndiko uliko ujanja na ndiko uliko msiba. Kihami chenye matundu ni kama mkate wa kumimina: uzuri wake ni wepesi wake, lakini hebu uweke juu yake jiwe la kusagia. Na kazi ya njumu, tuliyokwisha kuieleza, yataka kila tabaka lisuguliwe kwa nguvu. Vihami vyepesi vilipasuka na kubanduka, na wahandisi wakalazimika kurudi nyuma hatua moja kwa kila hatua mbili walizokwenda mbele. Mwisho wa njia hiyo ni hewa tupu, ambayo tarakimu yake ni 1 na chembe ndogo tu juu yake: IBM ilionyesha mwaka 2007 namna ya kuacha nafasi za hewa baina ya nyaya, na Intel ikazitumia katika baadhi ya matabaka ya chipu zake zilizotoka mwaka 2014. Zaidi ya hapo hakuna pa kwenda, maana hakuna kihami kilicho chepesi kuliko kutokuwapo kitu.

Lakini kanuni ya Thomson ina udhaifu mmoja, nao watu wa simu waliutumia zamani bila kufikiri kwamba wanaikwepa kanuni. Mwaka 1879 ulilazwa waya wa baharini kutoka Aden hadi Unguja, ukaendelea Msumbiji na hatimaye Durban, nao ukaifunga pwani yetu na Ulaya. Habari iliyotoka Unguja haikwenda London kwa pumzi moja. Ilifika Aden, ikapokewa na karani, ikatumwa upya kwa nguvu mpya katika waya wa mbele, na hivyo hivyo kituo kwa kituo. Tazama sasa hesabu. Waya wa vipande 10 unaopitwa kwa mkupuo mmoja hukawia mara 100 ya kipande kimoja. Lakini kila kipande kikiwa na karani wake mwishoni, ukawiaji ni kipande kimoja mara 10 tu, pamoja na muda mdogo wa makarani. Mraba umevunjwa, ikabaki mistari. Ndani ya chipu karani ni transista chache zilizopangwa kuipokea ishara iliyochoka na kuitoa tena ikiwa na nguvu kamili, na chipu kubwa ya leo inao makarani hao kwa maelfu na malaki. Nao hawafanyi kazi bure: kila mmoja hula umeme na kutoa joto, na kwa kuwa transista hukaa chini kabisa, juu ya silikoni, sharti ishara iteremke matabaka yote kutoka barabara ya juu, ipite mikononi mwake, kisha ipande tena, kama msafiri anayetakiwa kushuka garini kila kizuizini ili aonyeshe kipande chake.

Nimesema barabara ya juu, kwa kuwa matabaka ya nyaya hayalingani. Yaliyo chini yana nyaya nyembamba zilizobanana kama vichochoro vya Lamu, zinazounganisha transista zilizo jirani. Kadiri upandavyo nyaya hunenepa na kuachana, na zile za juu kabisa ni njia kuu, zenye ukinzani mdogo, za kubebea ishara zinazokwenda mbali na kugawa umeme. Ni katika vichochoro vya chini ndipo shida mpya ilipozuka. Elektroni ndani ya shaba, katika joto la kawaida, husafiri wastani wa nanomita 40 hivi kabla haijagonga kitu. Na unywele mmoja wa binadamu, tukipima, una nanomita kama 80,000 kwa upana. Nyaya za leo zilizo nyembamba zaidi hazifiki nanomita 20. Elektroni katika waya kama huo ni hamali aliyejitwisha jahazi la mzigo katika kichochoro kisichomtosha mabega: hagongani na wapita njia, anagongana na kuta, kulia na kushoto, na ukinzani wa shaba ile ile iliyosifiwa mwaka 1997 hupanda mara kadhaa. Na ule ukuta wa tantali nao haukubali kupunguzwa bila kikomo, kwa hiyo waya unapozidi kuwa mwembamba, sehemu kubwa yake inakuwa ukuta na sehemu ndogo inakuwa njia.

Kwa sababu hiyo mafundi wanayarudia madini ambayo zamani yasingetazamwa. Kobalti, ambayo Kongo huchimba zaidi ya nusu ya ile ipatikanayo duniani, ina ukinzani mkubwa kuliko shaba katika waya mnene. Lakini elektroni zake hazizoei mwendo mrefu, hivyo hazioni tofauti kubwa zikibanwa, nayo kobalti haihitaji ukuta mnene. Intel iliitia kobalti katika matabaka ya chini kabisa ya baadhi ya chipu zake, na wengine wanaijaribu rutheni na molibdeni. Si ajabu, basi, kwamba madini yaliyo dhaifu barabarani yakawa bora kichochoroni. Punda hashindi gari katika barabara ya lami, lakini katika mitaa ya Lamu gari halina la kufanya.

Kuna pia njia nyingine, ambayo ni kuuacha umeme kabisa. Bahari imekwisha kutuonyesha. Mwaka 2009, miaka 130 tangu ule waya wa Unguja, nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika katika pwani ya Afrika Mashariki, na ndani yake ishara hazikupita kwa shaba bali kwa nuru katika nyuzi za kioo. Nuru haina haja ya kuzishibisha kingo, kwa hiyo kanuni ya mraba haina mamlaka juu yake. Urefu ukizidi mara mbili, muda huzidi mara mbili na basi. Katika chipu nako jambo hilo limejaribiwa, na Desemba 2015 watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani, wakiwamo wa Berkeley, MIT na Colorado, walitangaza katika jarida la Nature kwamba wametengeneza chipu yenye transista zaidi ya milioni 70 na sehemu za nuru 850 katika kipande kimoja, ikizungumza na kumbukumbu yake kwa nuru. Ila kuna hadhari. Silikoni ni mpitishaji mwema wa nuru lakini ni taa mbovu, haiwaki yenyewe, hivyo nuru sharti iletwe kutoka katika vyombo vya madini mengine. Kuugeuza umeme kuwa nuru na kuurudisha kuwa umeme kwagharimu nishati na muda. Na njia ya nuru haiwezi kufanywa nyembamba kama vichochoro vya nanomita 20, kwa kuwa wimbi la nuru lenyewe ni pana kuliko hapo mara nyingi. Kwa hiyo nuru hufaa kati ya chipu na chipu, na huenda baadaye ikafaa kuvuka chipu kutoka ukingo hadi ukingo; haitamfikishia jirani barua ya mlango wa pili.

Na hapo ndipo mafundi, baada ya kuzunguka kote huko, waliporudi kwenye jambo lililo jepesi kulitaja na zito kulitenda: kuipunguza safari yenyewe. Anayeisanifu chipu siku hizi hutumia jitihada kubwa katika kuamua nani akae karibu na nani, kama vile mzee wa mtaa anayegawa viwanja. Sehemu ya kukokotoa huwekwa ubavuni mwa kumbukumbu yake, na kumbukumbu ndogo hutangulizwa mbele ya kubwa, ili lile linalotakiwa kila mara lisifuatwe mbali. Viwanja vikiisha, hujengwa ghorofa: chipu za kumbukumbu hubebana moja juu ya nyingine, na kutobolewa nguzo za shaba zinazopita katikati ya silikoni, hata ishara iliyokuwa ikizunguka sentimita nzima kando kando ipande sehemu ndogo tu ya milimita na kufika. Hata nyaya za kulisha umeme zimeanza kuhamishiwa upande wa nyuma wa silikoni, ziwapishe matarishi nafasi upande wa mbele.

Thomson aliwahesabia wenye kulaza waya wa Atlantiki ukubwa wa taabu yao, nao hawakuwa na uwezo wa kuisogeza Ireland karibu na Newfoundland. Fundi wa chipu anao uwezo huo. Bahari yake ni ya ukubwa wa ukucha, na pwani zake mbili yeye ndiye azipangaye. Na kila anapofaulu kuipunguza njia kwa nusu, ile kanuni ya mwaka 1854, isiyobadilika hata nukta, humrudishia robo tatu za muda wake.